Namba Kumi na Saba, Kati ya Boga na Jogoo

Mikumi, 2 Juni 2025

Baba,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta umemaliza kuvuna shamba la juu na mgongo umetulia. Macho ya Bibi yanaendeleaje? Mama nilisikia ana homa, nijulishe kama imekwisha. Mimi ni mzima. Nakuandikia kwa sababu simu yako inashika mtandao ukiwa umesimama kwenye mwamba tu, na habari hii si ya kusikilizwa mtu akiwa amesimama kwenye mwamba.

Nimeacha kazi kwa Goodluck. Utasema nilipaswa kukuuliza kwanza. Sikukuuliza.

Miaka miwili nimekaa kwenye steshenari yake nikichapa barua, nikitoa kopi, nikitengeneza matangazo na ratiba za mazishi. Kazi ikiisha, kwa ruhusa yake, nilikuwa naandika programu ya kusajili wageni wa gesti: nani yuko chumba gani, anaondoka lini, chumba kipi hakijafanyiwa usafi. Ilinichukua miezi mitano. Wiki iliyopita niliingia dukani nikamkuta anamwonyesha Bi Shamimu, mwenye gesti mbili za barabara kuu, na anamwambia ameitengeneza yeye. Nilimuuliza hapohapo mbele ya mteja. Akasema, "Mashine ya nani hii? Kinachotoka kwenye mashine yangu ni changu." Nikachukua mkoba wangu nikatoka.

Jioni yake Bi Shamimu alinifuata nyumbani. Hakunionea huruma. Alisema tarehe mbili Agosti anatutaka sote wawili, kila mmoja na mashine yake, tumwonyeshe kazi. Atakayemridhisha atapewa gesti zote mbili, pamoja na vibao vya vyumba na nembo ya kuweka getini.

Nakala ya programu ninayo kwenye flashi. Mashine sina. Nimeweka akiba inayofika nusu ya bei ya kompyuta mpakato iliyotumika (bei nimeiandika nyuma ya karatasi), na naomba unisaidie nusu iliyobaki. Nasema iliyotumika makusudi. Sitaki mpya.

Mwanao,
Anitha


Kilosa, 9 Juni 2025

Mwanangu Anitha,

Marahaba. Barua yako imefika Ijumaa kwa mkono wa konda wa gari la Mikumi, bahasha haikufunguliwa. Homa ya Mama yako imekwisha. Bibi anaona mchana, jioni anatambua watu kwa sauti. Mgongo uko vilevile. Mahindi tumepata chini ya mwaka jana, maharage yamezidi.

Kuhusu kuacha kazi, umeshaacha, kwa hiyo sina la kusema. Mjomba wako anashauri urudi ukamwombe Goodluck msamaha. Nilimuuliza msamaha wa kosa gani, akasema wa jumla. Nikamwambia miaka ishirini na sita niliyokuwa karani wa mahakama ya mwanzo sikuwahi kuandika shauri la kosa la jumla.

Kuhusu mashine sikubaliani nawe. Nilishuka Kilosa mjini kuuliza watu watatu. Wa kwanza hajui kitu. Wa pili anauza simu, na alinionyesha kompyuta mpya ndani ya boksi, nyembamba, mfuniko wa rangi ya dhahabu, dhamana mwaka mmoja. Bei ni ileile uliyosema ya iliyotumika. Wa tatu ni mwalimu, naye akasema mpya ni mpya. Nguo za mitumba tumevaa sote, lakini katika nyumba hii chombo cha kazi hakijawahi kununuliwa kikiwa kimechoshwa na mtu mwingine. Jembe langu la kwanza lilikuwa jipya. Cherehani ya Mama yako ilikuwa mpya. Kwa nini wewe uanze na kilichotupwa na ofisi za watu?

Tena yule muuzaji alitaja "RAM" na "diski", zote kwa GB, na aliposhindwa kunieleza tofauti akaniambia nisijali. Mtu akikuambia usijali, ndipo pa kuanzia kuuliza.

Sijakataa. Nimesema nieleze.

Baba yako


Mikumi, 16 Juni 2025

Baba,

Shikamoo. Nimefurahi kwamba Mama amepona. Mwambie magauni ya kwaya aliyoniulizia nimeyapata. Mimi naendelea vizuri, ila napika kwa mkaa wa kuazima.

Nakueleza kwa ofisi unayoijua.

RAM ni meza yako ya karani. Diski ni kabati la majalada. Kabati hata likiwa kubwa, kama meza inatosha majalada mawili, ukitaka la tatu lazima urudishe moja. Mimi nikiwa kazini nafungua programu ninayoiandika, ukurasa wa kuijaribia na picha ya kibao cha gesti, vyote kwa wakati mmoja. Ile ya rangi ya dhahabu ina RAM ya GB 4, na kwa aina hiyo meza imejengewa ukutani, huwezi kuiongeza. Ninayoitaka ina GB 8, na ukifungua skrubu za chini kuna nafasi ya kuweka nyingine. Diski iwe SSD, hata ya GB 256 tu. Hiyo ni kabati lililo pembeni ya kiti. Diski ya zamani ni stoo ya nyuma ya mahakama, ile ambayo ulikuwa unanisimulia unazunguka nje kwenye mvua kufuata jalada.

Prosesa ni karani mwenyewe. Karani wa ile mpya ni kijana wa nguo safi anayeandika neno moja kwa dakika. Ninayemtaka amevaa shati lililochakaa kola, ana miaka sita kazini, na kazi anaiweza. Ofisi za watu hazikuitupa kwa sababu ni mbovu. Huwa wanabadilisha zote kwa pamoja muda ukifika, kama serikali inavyohamisha watu.

Kioo nacho. Kwa kazi ya rangi, kioo cha bei rahisi kinadanganya. Mwaka jana kwa Goodluck nilitengeneza bango la msiba, kwenye kioo likawa zambarau ya heshima, likatoka waridi kama la kipaimara. Mjane alilipokea kimya. Sitaki tena kimya kile.

Ukienda kununua, orodha ya kupima iko nyuma ya karatasi hii. Usikubali kuambiwa usijali.

Na kama bado hukubaliani, Baba, nasema kwa heshima zote: nitainunua hiyohiyo polepole, hata ikifika Desemba na Bi Shamimu nimemkosa. Ya dhahabu siitaki hata ya bure. Na kwa Goodluck sirudi.

Mwanao,
Anitha


Kilosa, 6 Julai 2025

Mwanangu,

Marahaba. Huku ni wazima. Ng'ombe wa jirani waliingia kwenye maharage, tumemalizana.

Nimenunua.

Ijumaa nilikwenda Morogoro na orodha yako, nusu yako ya fedha na miwani. Duka ni dogo, muuzaji ana adabu. Nilikaa kwenye kigoda chake kuanzia saa tatu hadi saa tano na dakika ishirini. Mashine ya kwanza, herufi N haikuandika. Nilibonyeza moja moja kama ulivyoagiza, zote. Muuzaji akaniambia herufi moja si tatizo. Nikamwambia kwetu jina la mtoto lina N, na mtoto ndiye mwenye mashine. Ya pili niliiacha bila waya nikahesabu dakika. Ilizima kabla sijamaliza chai. Ya tatu ilikaa saa moja na robo ikiwa imebaki nusu. Nikaomba bisibisi. Akauliza, "Mzee, wewe ni polisi?" Nikamjibu kwamba nilikuwa karani tu, polisi hawakuwa wanasoma majalada. Akacheka na kunifungulia. Nafasi ya kuongezea meza ipo, nimeiona kwa macho. Nikaweka picha nyeupe kioo kizima nikatafuta madoa. Hakuna.

Ni nyeusi, nene, nzito, mfuniko una mikwaruzo minne. Sijaipenda sura. Nimeipenda kazi, nakiri.

Jumapili ijayo, tarehe 13, ni Sikukuu ya Mavuno. Unajua utaratibu wa nyumba hii: chombo cha kwanza cha mtoto hupita mikononi mwa mzazi na mbele ya kanisa kabla ya kufanya kazi. Jembe langu lilipita, cherehani ilipita. Kitaombewa, kisha Jumanne tarehe 15 nitampa konda. Msubiri stendi saa nane.

Baba yako


Mikumi, 17 Julai 2025

Baba,

Shikamoo. Nauliza afya kwanza, na ninaomba kweli mniambie kama kuna mgonjwa.

Jumanne nilisubiri stendi saa nane hadi saa kumi na mbili. Jumatano pia. Konda anasema hakupewa mzigo wala barua. Simu yako haipatikani. Zimebaki siku kumi na sita.

Goodluck amemtuma mtu kuniambia kiti changu bado kipo. Nimemrudisha aseme akikalie yeye.

Kama umeibadilisha na ile ya dhahabu, niandikie tu nijue.

Anitha


Kilosa, 19 Julai 2025

Mwanangu Anitha,

Marahaba. Hakuna mgonjwa. Sikubadilisha. Imeuzwa. Nakupa mambo kwa mpangilio wake.

Jumapili tarehe 13 nilifika kanisani saa mbili. Vitu vya kuombewa huwekwa juu ya meza ndogo upande wa kushoto. Vitu vya sadaka, ambavyo baada ya ibada huuzwa kwa mnada uwanjani, huwekwa mkekani upande wa kulia na kubandikwa namba. Niliweka mashine juu ya meza ndogo. Hilo nina uhakika nalo.

Katikati ya nyimbo akina mama walileta keki ya Mchungaji, na meza ikahitajika. Aliyeondoa mashine aliihamishia mkekani. Ni Mama Magreti, amekiri, na hakuwa na nia mbaya. Mwenye kubandika namba hakuuliza. Boga lilikuwa 16, jogoo 18. Mashine ikapewa 17.

Mnada ulipoanza nilikuwa nyuma ya kanisa nimemshika Bibi mkono, akitafuta pa kukaa. Niliporudi, Mzee Samson, mwenyekiti wa wazee wa kanisa, alikuwa ameinyanyua juu anasema kompyuta ya Mzee Yared, mara ya kwanza. Nikafanya nilivyozoea mahakamani. Sikupiga kelele, nilinyanyua mkono nipewe nafasi ya kusema. Samson akasema, "Mzee Yared mwenyewe anaongeza!" Watu wakapiga makofi. Nikaendelea kunyanyua mkono. Akasema anaongeza tena. Bwana Lukasi, mnunuzi wa mahindi kutoka Kimamba aliyealikwa kuwa mgeni rasmi, hakutaka kushindwa na mstaafu, akapandisha. Nilipoamua kupaza sauti, mashine ilikuwa kwenye gari lake.

Nilimwambia Mchungaji palepale. Akanishika bega akasema niione kuwa sadaka kubwa kuliko zote za mwaka huu. Watu walinipa mikono. Mwanamke mmoja alilia. Kwa miaka kumi na tisa ya ukatibu wangu wa kanisa hakuna aliyewahi kulia kwa ajili yangu.

Niliwaambia, "Sikutoa. Kilichochukuliwa bila kutolewa si sadaka." Kuanzia hapo kila siku mtu mmoja anakuja nyumbani kunishauri. Wanasema kilichotangazwa mbele ya madhabahu hakirudi, na kwamba nikiendelea sitafaa kushika ukatibu. Mama yako huwapa wote uji.

Wazee wa kanisa wanakaa Alhamisi tarehe 24. Sikukuandikia mapema kwa sababu nilitaka kukuandikia nikiwa na mashine mkononi. Hilo lilikuwa kosa langu, la pili baada ya kutoangalia meza.

Baba yako


Mikumi, 21 Julai 2025

Baba,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako mara mbili. Mara ya kwanza nililia. Mara ya pili nilifika penye jogoo nikacheka mpaka mwenye nyumba akaja kuniuliza kuna nini.

Sitakuambia uache. Hata ukiipata baada ya tarehe mbili, ipate. Goodluck alisema kilichotoka kwenye mashine yake ni chake. Hao nao wanasema kilichokaa kwenye mkeka wao ni chao. Sioni tofauti, na Goodluck sikumkubalia.

Risiti unayo, na namba ya mashine imeandikwa chini ya mfuniko. Linganisha mbele yao. Usiwaombe.

Wakikuvua ukatibu kwa ajili yangu nitaumia. Lakini sitakushauri uwe mdogo.

Mwanao,
Anitha


Kilosa, 25 Julai 2025

Mwanangu,

Marahaba. Sote wazima. Nakueleza ya jana.

Kikao kilianza saa nne asubuhi, wazee saba na Mchungaji. Samson alifungua kwa kunishukuru kwa sadaka yangu na kunitaka nisiichafue kwa maneno. Nilikuwa nimetoa risiti mfukoni, sijaikunjua, mlango ukafunguliwa akaingia Bwana Lukasi na mashine kwapani. Hakusalimu. Aliiweka mezani akasema binti yake wa chuo ameitazama na kugoma kuipokea. Ina mikwaruzo minne, ina miaka sita, ni mtumba. Akauliza, "Siku hizi kanisa linauza mitumba? Nirudishieni changu."

Hapo wazee wakanigeukia mimi. Mmoja aliuliza nimewezaje kuweka mbele ya madhabahu kitu kilichotumika. Mwingine akasema ndiyo sababu nilikuwa nahangaika, nilijua nimetoa kibovu. Samson akataka niombe radhi kwa kanisa na kwa mgeni, mambo yaishe.

Nilitazama saa ya ukutani ili niweke kumbukumbu sawa. Saa nne kamili nilikuwa nimetoa sadaka kuliko wote. Saa nne na nusu nilikuwa nimemdharau Mungu. Mashine ilikuwa ileile.

Nikasimama. Nikawauliza kama wanajua kwa nini ni nyeusi na nene. Nikawaeleza habari ya meza ya karani, majalada na kabati la pembeni ya kiti, kama ulivyoniandikia, na nikaongeza ile stoo ya nyuma kwa sababu wawili kati yao waliwahi kuwa washtakiwa na wanaikumbuka. Nikamwambia Lukasi amnunulie binti yake ile ya rangi ya dhahabu, ipo Kilosa mjini, na baada ya mwezi amuulize inafungua majalada mangapi. Yeye mwenyewe alikuwa anasikiliza. Akauliza nafasi ya kuongeza iko upande gani. Nilimjibu kwamba imeshachelewa.

Kisha nikasema neno langu, na nilitaka liandikwe, ila mwandishi wa kikao ni mimi, kwa hiyo niliandika mwenyewe: "Siombi radhi kwa kosa ambalo sikulifanya. Siombi nirudishiwe kitu ambacho sikukitoa. Nakichukua." Nikalinganisha namba na risiti, nikaisoma kwa sauti, nikaichukua.

Lukasi alirudishiwa fedha zake. Samson akaniomba funguo za kabati la kanisa. Nilikuwa nimekuja nazo. Nikamwachia na kitabu cha kumbukumbu, kurasa zote zimesainiwa, pamoja na ya jana.

Nyumbani Mama yako aliuliza nimepoteza nini. Nikamwambia ukatibu. Akasema angalau Jumamosi, badala ya vikao, utalima. Bibi aliuliza kama mashine imeombewa. Imeombewa, kwa sababu Mchungaji aliombea mkeka wote kabla ya mnada. Jumapili nitapeleka gunia la maharage na kuliweka mkekani kwa mikono yangu, kila mtu akiona, ili wajue kutoa kunafananaje.

Konda anayo. Nimeifunga kwa kanga ya Mama yako na kamba mbili. Una siku nane.

Baba yako


Mikumi, 3 Agosti 2025

Baba,

Shikamoo, na Mama, na Bibi. Natumaini maharage yalipokelewa vizuri. Mimi ni mzima na nimelala saa kumi na moja mfululizo.

Jana Bi Shamimu alituweka sote kwenye sebule ya gesti yake. Goodluck alileta ile kubwa ya dukani, amebebewa na watu wawili. Programu ilikuwa ileile yangu, hata kosa nililoacha kwenye neno "mapokezi" lilikuwepo. Bi Shamimu alitazama zote mbili akasema zinafanana. Goodluck akasema ndiyo ushahidi kwamba nimemwibia. Akasema hata mashine yangu inaonekana imeokotwa.

Bi Shamimu alisema wageni wake wengi wanaondoka saa kumi na moja alfajiri kwenda hifadhini, na wapishi husahau nani anataka chai ya kubeba. Akataka sehemu ya chai iongezwe, sasa hivi, na ionekane jikoni kwa jina na chumba. Goodluck alitoka nje kumpigia mtu simu Morogoro. Mimi nilifungua majalada yangu yote matatu mezani, na meza ilitosha. Ilinichukua dakika ishirini na mbili. Kibao cha jikoni nilikichora humohumo, na kilipochapishwa zambarau ilitoka zambarau. Goodluck aliporudi bado alikuwa anaongea na simu. Bi Shamimu alimwambia amalize tu mazungumzo yake taratibu.

Gesti zote mbili ni zangu kuanzia kesho. Jina la programu nimeliandika la kwangu, na nembo ya getini anaitaka Ijumaa.

Wakati nafunga mashine, Bi Shamimu aliona karatasi ya mnada bado imebandikwa kwenye mfuniko, 17, kwa maandishi ya kanisa. Akauliza ni ya nini. Nilimwambia ni namba ya jalada. Akauliza shauri liliishaje. Nikamwambia karani aliondoka na kielelezo.

Ana mfanyakazi hodari wa usafi pale, alitaka kuibandua kwa maji ya moto. Nimemkatalia.

Mwanao,
Anitha